Umefika Guangzhou na Njaa? Twende Tukale Wali wa Bata

Haya jamani, karibuni. Leo sipo sokoni. Nipo hapa hapa Guangzhou, kichochoro cha nyuma karibu na stesheni ya metro ya Xiaobei, na naingia kula. Video hii nawatengenezea wageni wangu mnaokuja kufuata mzigo. Mnatembea Sanyuanli kutwa nzima kwenye masoko ya mabegi, jioni mnarudi hotelini kula biskuti na tambi za kikombe. Inaniuma kweli. Wachina wenyewe wana msemo kwamba ukitaka kula, nenda Guangzhou, halafu mtu anapanda ndege kurudi Dar hajaonja kitu!

Tunakwenda duka la kawaida kabisa la Wakantoni, yaani wenyeji wa huku Guangzhou, lile lenye bata wananing'inia dirishani. Wenyewe wanaliita siu laap, yaani nyama za kuchoma na za kukaushwa. Usitegemee vitambaa vya meza wala mhudumu wa kukuvutia kiti. Unaagiza, unakatiwa, unakula, unampisha mwenzio.

Muda kwanza. Njoo saa tano na nusu asubuhi. Ikigonga saa sita watu wa maofisini wanamiminika na foleni inatoka mpaka nje. Nyama zinatolewa kabla ya mchana na tena kabla ya jioni. Ukija saa tisa alasiri utakula, lakini bata ameshapoa na ngozi imelegea, na mimi bata namfuata kwa ajili ya ngozi.

Sasa tuangalie dirisha. Ngoja, kamera imeshika mvuke... bado... haya, nimefuta. Kutoka kushoto: hawa wa rangi ya kahawia ni bata. Yule mkubwa mwenye shingo ndefu ni bata bukini, na bei yake imechangamka. Huyu wa manjano aliyepauka ni kuku, hakuchomwa, nitamweleza. Hiki kipande chenye ngozi iliyofura mapovu ni nguruwe, hapo hakuna wa kudanganyika. Na hizi nyama nyekundu, ndefu, zinazong'aa...

Hapa simameni. Ndugu zangu Waislamu, Wasabato, na yeyote asiyekula nguruwe, simameni kabisa. Hii nyekundu ni char siu, na char siu ni kitimoto. Imepakwa utamu inang'aa, ukiitazama haraka unaapa ni mnofu wa ng'ombe. Nguruwe!

Na kwenye ubao wa bei ndipo watu wanaponaswa. Nimewasogezea picha. Kuku, bata na bata bukini wanaandikwa hivi: 鸡, 鸭, 鹅. Tazama upande wa kulia wa kila moja, alama ni ile ile, ni ya ndege. Ukiiona hiyo umepata ndege, hata kama Kichina hujui hata neno. Nguruwe ni 猪. Lakini char siu inaandikwa 叉烧, na humo alama ya nguruwe haimo! Mtu anatafuta 猪, haioni, anafurahi, anaagiza. Kwa hiyo hizi mbili, 叉烧, piga picha ya skrini sasa hivi. Sitisha video, piga, halafu endelea. Nakusubiri.

Na jingine: ukiona 肉 peke yake, yaani nyama bila jina la mnyama, hapa China ni nguruwe. Wakitaka kusema ng'ombe watamtaja ng'ombe.

Sasa niseme ukweli, maana sitaki lawama. Anayeshika halali sawasawa, duka hili si lake. Kisu ni kimoja na gogo la kukatia ni moja, anapita bata, anapita nguruwe. Wewe tafuta alama hii, 清真, ndiyo halali ya hapa. Xiaobei ziko nyingi, hasa maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, ambayo mengi ni ya Waislamu wa kabila la Wahui. Tambi za moto, mchuzi wa ng'ombe, unashiba na roho inatulia. Hayo nitayafanyia video yake. Waliobaki, twende ndani.

Ukiagiza, unachagua nyama moja juu ya wali au nyama mbili. Bei ya hapa, nyama moja ni yuan 22, mbili ni 28. Paja la bata ni bei ya juu kidogo, na kwangu mimi linastahili, kifua kinakauka. Onyesha kwa kidole, hakuna anayeona vibaya. Ukimaliza sema “m goi”, ndiyo asante na tafadhali ya Wakantoni. Hiyo m itamke kama ya mtu na mti, umemaliza. Mpishi akisikia Kikantoni kinatoka kwako anacheka na... ona, ona! Ameongeza kipande. Anasema uso wake nisiuchukue, sawa mzee, nachukua mikono tu.

Tazameni hiyo mikono. Kisu kipana, kizito, na anakata na mfupa wake. Tak, tak, tak, bata amelala vipande sawasawa juu ya wali. Mimi hapa naweza kusimama nusu saa naangalia.

Bata huyu kabla ya tanuri alijazwa chumvi, sukari na viungo tumboni, akashonwa. Ngozi ikamwagiwa maji ya moto, ikapakwa sukari ya shayiri na siki, akatundikwa akauke. Ngozi isipokauka haiwi kavu ya kuvunjika hivi. Ule mchuzi unaobaki tumboni ndio unaomwagwa kwenye wali, na ndio... subiri, subiri! Mzee, m goi, usimwage!

Mmeona? Hapa ndipo ninapowaambia muwe macho. Ameinua upawa wa mchuzi wa char siu. Dada niliyefuatana naye leo hali nguruwe. Mpishi hana nia mbaya, anawapa wote. Tayarisha simu na maandishi haya, 我不吃猪肉, maana yake sili nyama ya nguruwe, na uonyeshe kabla hajaanza kukata. Halafu angalia upawa. Macho yasitoke kwenye upawa. Ukichagua nyama mbili ndiyo zaidi, maana bata na char siu ndio mchanganyiko wanaouzoea, mkono wake unakwenda huko wenyewe.

Kulipa ni haraka. Karatasi ya msimbo wa QR imebandikwa ukutani, unaskani kwa WeChat au Alipay. Kadi ya benki ya nyumbani siku hizi inaunganishwa, fanya hivyo kabla hujapanda ndege. Ukiwa na noti nazo sawa, sheria inawataka wapokee, ila beba ndogo ndogo, noti ya 100 asubuhi inampa mtu kazi ya kutafuta chenji.

Kukaa. Saa hii meza tupu hamna. Usisubiri meza, tafuta kiti. Watu wasiojuana wanakaa meza moja, unaitikia kwa kichwa na unakaa. Kijiko kipo kwenye lile kopo, vijiti pia. Wengine hapa wanasuuza bakuli na vijiti kwa chai ya moto kabla ya kula. Ni mazoea tu, nami nayapenda.

Supu ile pale pembeni ni ya bure, unachota mwenyewe. Lakini sikia, kwa mara nyingine tena: supu nyingi za Wakantoni zinachemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata kama ndani unaona karoti na mahindi tu. Usiyekula, usichote. Kunywa chai.

Sasa kula. Bata amekatwa na mfupa, na mfupa uliokatwa una ncha. Usitafune kwa nguvu kama kuku wa chipsi. Ingiza mdomoni, sukuma nyama kwa ulimi, toa mfupa, uweke kwenye kisahani au pembeni ya sahani. Polepole hapo, na mtoto mchambulie wewe kwanza. Mchuzi wa kichovyo ni wa tunda chachu, uchachu wake unakaribia ukwaju, na unakata mafuta ya bata vizuri sana. Mboga hizi ni choy sum, zimechovywa tu kwenye maji ya moto, uzile zikiwa bado zinalia mdomoni.

Nimewaahidi kuku. Huyu amezamishwa kwenye maji ya moto yasiyotokota kwa fujo, kisha akatumbukizwa kwenye maji ya baridi. Karibu na mfupa utaona wekundu, wengi mnamrudisha. Wakantoni wanamtaka hivyo hivyo, nyama laini, ngozi imekaza, na wao karamu bila kuku hawaihesabu karamu. Anakuja na tangawizi iliyosagwa na majani ya kitunguu kwenye mafuta. Mimi ile tangawizi naimwaga kwenye wali wote. Kama wekundu unakushinda, omba kuku wa mchuzi wa soya, yule wa kahawia.

Usiposhiba omba wali. Maduka mengi wanaongeza bure, au kwa yuan moja mbili.

Unayewahi sokoni, sema “dabao”, wanakufungia. Waambie mchuzi kando, wali usilowe njiani. Namba yangu iko chini ya video, wanaokuja maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya hapa Guangzhou, mwezi wa kumi andikeni mapema, chakula cha mchana tutakula wote.