Thamostati Iliyotolewa kwa Huruma

DADA: Mwangaluka, wasikilizaji. Leo nimekuja na kesi. Premio yangu imefikisha kilometa 260,000, na mwaka jana wote ilikuwa inakula mafuta kama imeajiriwa na sheli. Hapa mjini Mwanza lita moja ilikuwa haivuki kilometa 8.

FUNDI: Ulishafanya nini, dada? Maana najua hukukaa kimya.

DADA: Plagi mpya. Nozo nikasafisha. Filta ya hewa nikabadilisha. Mtu mmoja akaniuzia na kichupa cha kumimina kwenye tanki.

FUNDI: Hicho kichupa tukiache. Mshale wa joto ulikuwa unakaa wapi?

DADA: Kwenye foleni, katikati. Nikitoka Buhongwa kwenda Usagara, nikikanyaga mafuta kidogo, unashuka chini kabisa. Mimi nafurahi, nasema injini imepoa.

FUNDI: Hiyo gari ilikuwa haina thamostati.

DADA: Ndiyo. Iliwahi kuchemsha kwenye mlima wa Bugando. Fundi mmoja, simtaji, akaitoa. Akasema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Alinihurumia, hata hela hakunidai.

FUNDI: Huruma yake umeilipia sheli! Thamostati ni mlango wa maji kati ya injini na redieta. Maji yakiwa baridi unafungwa, yakifika nyuzi 82 hivi unaanza kufunguka. Ukiutoa, injini haifikii joto lake. Sensa inaiambia kompyuta ya gari "bado baridi", na kompyuta inaongeza petroli, kama unavyowasha asubuhi. Unaenda Magu na kurudi, gari bado inaamini ni alfajiri.

DADA: Lakini kuchemsha kuliacha!

FUNDI: Kuliacha, au uliacha kupanda Bugando? Toyota nyingi zina njia ya mkato ya maji. Thamostati ikifunguka, inaiziba hiyo njia ili maji yote yapite kwenye redieta. Isipokuwepo, maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini vilevile yalivyo. Siku ya foleni ndefu ya Mabatini ungeniona.

DADA: Sasa siku ile ilichemshwa na nini?

FUNDI: Uliponiletea nilianza na mfuniko wa redieta. Mpira wake ulikuwa umekufa. Dada, Mwanza tuko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Chai yako hapa inachemka kwenye nyuzi 96, haisubiri 100. Mfuniko ulioandikwa 1.1, hicho ni kipimo cha presha, ukiibana presha sawasawa, maji yanavumilia mpaka karibu 120 bila kuchemka. Mfuniko ukichoka, umebaki na 96 zako, na mlima uko mbele.

DADA: Kwa hiyo mfuniko mpya, thamostati mpya, kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba. Sasa hivi lita moja inanipeleka kilometa 11, na heta… sina haja nayo, lakini inafanya kazi.

FUNDI: Na tairi nilikujazia upepo kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Ulikuwa unatembea na upepo wa kukisia. Oili pia: usikubali kuwekewa nzito eti kwa sababu injini ni kuukuu. Kama imeandikiwa oili ya uzito wa 5W-30 na hailambi oili, mpe hiyohiyo.

DADA: Breki je? Rimu moja ilikuwa inaunguza mkono.

FUNDI: Kalipa, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa imeganda. Ni sawa na kutembea umekanyaga breki kidogo kutwa nzima. Ile ilikuwa inakula mafuta na pedi kwa pamoja.

DADA: Msikilizaji akinunua thamostati ya mtumba, ataijuaje nzima?

FUNDI: Aining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, aweke jikoni. Ifunguke kabla maji hayajachemka, na ikipoa ijifunge. Ikibaki wazi, airudishe dukani.

DADA: Sufuria gani hiyo, fundi?

FUNDI: Si ya ugali. Mimi nilitumia ya ugali, nikala mihogo siku mbili.