Darasa la Mtaa: Jirani Kumjua Jirani

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wetu, mama zetu na vijana.

Darasa la mtaa ni kikao cha majirani wa dini tofauti, kila Jumapili, ili wajuane. Tuanze na kile ambacho darasa hili silo. Hapa Mombasa neno mhadhara lina sura mbili: ya kwanza ni somo la kawaida, na mnaijua ile ya pili: kipaza sauti uwanjani, Biblia na Kurani mezani, kila upande ukitafuta kumshinda mwenzake. Darasa likielekea huko, wiki ya pili viti ni vitupu. Kwa hiyo sharti la kwanza hutamkwa mlangoni: hapa hasilimishwi mtu wala haokolewi mtu.

Watu 20 hadi 24 wanatosha. Wakizidi, waliozoea mimbari husema na waliobaki husikiliza tu. Tena msiwachague kwa dini peke yake. Katika mashambulizi ya Agosti 1997 kule Likoni, watu walilengwa kwa asili yao ya bara, si kwa dini. Darasa lenye Mdigo Mwislamu na Mgiriama Mkristo tu, wote watu wa pwani, linaonekana zuri, lakini ufa ule wa bara na pwani limeuacha nje. Mwiteni mpangaji aliyetoka bara na mwenye nyumba wake, mama muuza mahamri, kijana wa tuktuk. Viongozi wa dini watoe baraka zao siku ya kwanza, kisha wawaachie watu nafasi. Muumini hasemi yaliyo moyoni mbele ya imamu au mchungaji wake.

Ijumaa adhuhuri haifai, Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili asubuhi makanisa yamejaa. Inabaki Jumapili baada ya Alasiri: saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili kasorobo. Hizo ni dakika 90, na Maghribi haijaingia. Mwezi wa Ramadhani pumzikeni. Mkutane katika darasa la shule au ukumbi wa mtaa, pahali ambapo hakuna anayejiona mgeni.

Chakula kimevunja madarasa mengi kuliko aya. Mwislamu hataki kujua nyama ni halali tu, anataka kujua pia sufuria ile ilipikiwa nini jana. Wahindi wengine hawagusi nyama kabisa, na Mjaini, yaani Mhindi wa dini ya Kijaini, anayeshika dini yake hali kitunguu wala kiazi. Nunueni sufuria moja mpya ya darasa, mpike mbaazi za nazi bila kitunguu, na chai iwe ya iliki. Wapishi wawe wawili wa dini tofauti, jiko moja. Mazungumzo ya jikoni nayo ni somo.

Sasa kiini chenyewe, zoezi la kurudisha maneno. Wawili wanakaa wakitazamana. Mkristo anaeleza kwa nini maiti wao hukaa mochari hata wiki: jamaa wako safarini, michango ya basi na sanduku haijatimia. Mwislamu anayarudisha kwa maneno yake, bila kutia maoni. Mwenye desturi ndiye anayesema "ndivyo" au "sivyo". Mara ya kwanza jibu huwa "sivyo", maana msikilizaji ameshapenyeza "eti". Arudie mpaka apate "ndivyo". Kisha zamu inageuka: kwa nini Mwislamu huharakishwa kaburini, ikiwezekana siku ile ile. Hapo ndipo hugundua kwamba hata neno jeneza hawalielewi sawa. Kwa mmoja ni kitanda cha kubebea maiti, kinachorudi msikitini. Kwa mwingine ni sanduku linaloingia kaburini. Wameishi ukuta mmoja miaka mingi, neno ni moja, na kila mtu akiona chake. Mpeni kila mtu dakika 15, msiharakishe.

Kuelewa peke yake hakuleti kuaminiana. Kuaminiana huja mtu anapoahidi kitu kidogo na kukitimiza. Kila darasa lizae ahadi moja inayopimika. Kwa mfano, kanisa lenye kesha liwajulishe majirani siku mbili kabla, na saa nne usiku spika za nje zizimwe. Maulidi ya mtaani nayo vivyo hivyo. Iandikwe karatasini pamoja na jina la mwenye jukumu. Ikivunjwa, ndiyo ajenda ya kwanza Jumapili ijayo, na aliyevunja aseme mwenyewe kabla hajasemwa.

Wiki moja itengeni kwa Katiba ya 2010. Mahakama ya Kadhi ililetea watu hofu kubwa wakati wa kura ya maoni, na wengi bado hawajakisoma kifungu cha 170. Kisomwe kwa sauti: mahakama hiyo huamua hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pande zote zikiwa za Waislamu na zikikubali kwenda kwake. Mkristo hapelekwi huko. Someni na cha 32, uhuru wa dini, siku hiyo hiyo.

Posho msilipe. Pesa ikikatika, watu hukatika nayo. Picha nazo zisipigwe miezi mitatu ya kwanza. Kuna mama atakayeulizwa nyumbani alikaa na nani.

Na kabla hamjaachana leo, wekeni watu wawili wawili wa dini tofauti wapeane namba za simu. Uvumi ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp, kwamba kanisa limechomwa au kijana wa msikitini amepigwa, usiusambaze. Mpigie mwenzako, umuulize ameona nini kwa macho yake.