Bado Mimi ni Mama Aika

Tumsifu Yesu Kristo. Haya, kaeni. Najua akili za wengi zishafika stendi, tiketi mshakata, wengine Rombo wengine Kibosho, na ndo maana nimeomba niongee leo kabla hamjapanda basi. Nalisema kila mwaka na leo nalirudia: kwenye hizo nyumba mnazoenda kula Krismasi kuna mama kafiwa na mtoto, na nyie kimoyomoyo mshapanga kutomtaja.

Wa kwangu tulimzika Agosti, ana miaka saba. Aika. Wachaga mnajua, jina lenyewe ni asante. Desemba tukapanda nyumbani kama kawaida, kaburi lipo pale nyuma ya jiko kwenye migomba, udongo bado haujakaa, mashada yamenyauka. Nafika tu, hata begi sijatua, mama mkwe anaita toka jikoni, "Mama Brayan, njoo unishikie hii sufuria." Jamani, niligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Miaka saba mimi ni Mama Aika, sokoni, kanisani, mpaka kwenye kadi za michango, leo nimekuwa mama wa mdogo wake tu. Nikashika sufuria. Kufika jioni wifi, mashemeji, hadi majirani waliokuja kunywa mbege, wote Mama Brayan, Mama Brayan, kumbe walishakaa kikao kabla hatujafika wakakubaliana. Walinihurumia, hilo sikatai. Ila walimzika mwanangu mara ya pili, na mazishi hayo mimi mama yake sikuarifiwa.

Aliyeniokoa ni katoto ka shemeji, rika la Aika. Tunapakua, watoto wako kwenye mkeka, kakauliza kwa sauti, "Mama mkubwa, sasa shingo ya Aika anakula nani?" Maana hao wawili kila mwaka walikuwa wanagombania shingo ya kuku. Mama yake akamfinya. Nikasema muache, njoo baba, kula wewe, angekuwepo angekupokonya. Tukacheka mimi na yeye, watu wazima wote macho kwenye sahani zao. Krismasi yangu mwaka ule ilikuwa hiyo tu.

Mtaniambia ukimtaja unamtonesha kidonda. Sawa, atalia. Akilia mpeni kanga afute machozi mwendelee kula, kwani nani kawaambia machozi yanaharibu pilau? Wengine mnasema mtoto aliyefariki hatajwi, mkosi. Mbona babu anatajwa? Babu anamwagiwa mbege hata nyie hamjaonja! Na mwenye kudhani haya ni ya nyumba mojamoja, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 43 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai hawafikishi miaka mitano. Hesabu ukoo wako, kina shangazi, kina mama wadogo, uone kama utakosa.

Kanisa lenyewe limeweka sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, supu ya mbuzi bado iko jikoni, na siku hiyo tunasomewa habari za Raheli aliyewalilia watoto wake akakataa kufarijiwa. Kwenye somo hilo hakuna anayemwambia Raheli anyamaze.

Kina baba nilitaka niwaongelee kirefu, naona muda unakimbia. Baba Aika siku ile alipewa kisu achinje mbuzi, akapewa na bia, basi, hakuna kaka yake hata mmoja aliyemuuliza unaendeleaje. Muulizeni, mkiwa pale kwenye moto mnachoma, si lazima mumwangalie usoni. Na wale waliozaliwa wamefariki, wanaozikwa harakaharaka na bibi wawili watatu mama mtu akiwa bado wodini, hilo linataka siku yake nzima, leo sitaligusa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Daftari la majina ya misa ya tarehe 28 liko kwa katibu pale mlangoni, hata kama siku hiyo utakuwa Moshi we andika. Andika jina la mtoto, siyo la kwako. Kama hakuwahi kupewa jina andika "mtoto wa" halafu jina lako, padre kakubali, atayasoma yote.