Beringi ya Rola: Itabeba Mzigo Kiasi Gani?

Karibuni watazamaji. Chukua beringi yako, soma namba iliyochongwa kwenye ringi, kisha itafute kwenye katalogi. Utaona thamani mbili, C na C0. C0 hutumika beringi ikiwa imesimama au inazunguka polepole sana; ukiuzidi mno mzigo huo, rola (vipande vya chuma vinavyoviringika kati ya ringi) hubonyeza njia yake, yaani uso wa ringi zinapopita, na alama hazitoki. C ni mzigo ambao, kwa beringi 100 zinazofanana, 90 hufikisha mizunguko milioni 1 kabla chuma hakijaanza kubanduka. Milioni 1 ni kidogo: kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ni saa 11 tu. Kwa hiyo usiipe beringi mzigo wa C ukitegemea idumu.

Sasa tukokotoe. Gawanya C kwa mzigo halisi, jibu lipandishe kwa kipeo cha 10/3. Unapata umri kwa mamilioni ya mizunguko. Tuseme C ni kilonewtoni (kipimo cha nguvu) 80 na mzigo ni 10. Jibu ni 8, na umri ni mizunguko milioni 1,024, yaani saa 11,400 hivi kwa mwendo uleule. Mzigo ukifika 20, zinabaki saa 1,100 hivi. Mzigo mara mbili, umri umeshuka mara kumi! Ndiyo maana mkanda uliokazwa kupita kiasi huua beringi nzuri kabisa. Katika mzigo halisi weka uzito, mvuto wa mkanda na mitikisiko. Na kama kuna msukumo wa kufuata urefu wa shafti, usitumie rola za silinda zisizo na kingo za kuuzuia. Chagua rola za koni.

Kabla ya kufunga, pima unyoofu wa shafti na hausingi, yaani nyumba inayoshika beringi. Hapa usiwe na haraka. Rola ya silinda hubeba mzigo kwa urefu wake wote. Ikiinama, mzigo wote hukimbilia ncha moja. Nyingi huvumilia dakika 3 hadi 4 tu za digirii (digirii moja ina dakika 60), kama milimita 0.1 katika urefu wa milimita 100. Ukifungua beringi iliyokufa ukaona imebanduka upande mmoja wa njia, usifunge mpya kabla hujanyoosha. Shafti inayopinda kwa mzigo inahitaji rola za umbo la pipa.

Angalia na uwazi wa ndani, yaani nafasi ndogo kati ya rola na ringi. Ringi ikibanwa sana kwenye shafti, halafu joto likaongezeka, uwazi huisha na rola hujibana zenyewe. Uwazi ukizidi nao, rola chache ndizo zinazobeba.

Grisi: jaza asilimia 30 hadi 50 ya nafasi iliyo wazi ndani ya hausingi. Ukijaza pomoni, inasukwasukwa, inachemka, mafuta yanakuwa mepesi na utando unaotenganisha vyuma unakatika. Chembe za mchanga nazo huchimba vishimo ambamo ubandukaji huanzia, kwa hiyo fungua pakiti dakika ya kufunga tu.

Ukipasha beringi ili iingie, usivuke nyuzi 110 za Selsiasi, na usitumie moto wa gesi. Chuma hupoteza ugumu, na uwezo hushuka nao.

Mwisho, usikimbilie beringi kubwa mno. Mzigo ukiwa chini ya asilimia 2 hivi ya C, rola huteleza badala ya kuviringika na kukwaruza njia.