Ekari 160 za Nyasi: Waswidi wa Lindsborg, Kansas

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko Kansas, Marekani, mwaka 1869. Waswidi kutoka Värmland wamefika bonde la mto Smoky Hill na mchungaji wao, Olof Olsson, na wanaanzisha mji wa Lindsborg. Kaka Juma, kwao walikimbia nini?

JUMA: Njaa, dada. Mwaka 1867 baridi ya Sweden iligoma kuondoka, mazao yakafa. Mwaka 1868 ukaja ukame. Na hata kabla ya hapo, baba mwenye kishamba cha mawe angewagawia nini watoto saba? Huku Marekani sheria ya 1862 inasema chukua ekari 160, ada haifiki dola 20, mradi ukae miaka mitano, ujenge na ulime.

REHEMA: Kwa watu kama hao huo ni utajiri.

JUMA: Utajiri kweli, ila mti huuoni. Mswidi amezoea kujenga kwa magogo, na hapa ni nyasi mpaka macho yanachoka. Basi wengi wakajenga kwa ardhi yenyewe. Plau inafyeka tabaka la juu, mizizi imeshikana hata udongo haumeguki. Wanakata vipande kwa sepetu, wanavipanga kama matofali, majani yakitazama chini. Ukuta unafika unene wa futi mbili na zaidi.

REHEMA: Tukae hapo kidogo, maana nyumba hiyo inasifiwa sana: joto wakati wa baridi, ubaridi wakati wa joto. Ni kweli. Lakini mvua ikinyesha, paa linavuja, na nje ikikatika, ndani matone ya tope yanaendelea kudondoka. Mama anatandaza kitambaa chini ya dari ili udongo usiingie kwenye chungu. Nyoka nao hupenya ukutani. Kuni hakuna, kwa hiyo anachochea jiko kwa mavi makavu ya nyati au ng'ombe, ananawa, anakanda unga, anachochea tena, ananawa tena. Mkate mmoja tu huo!

JUMA: Halafu 1874 wakaja nzige.

REHEMA: Eh, hao!

JUMA: Walitua Kansas kama wingu. Wakamaliza mahindi, wakala vitunguu mpaka ndani ya ardhi, yakabaki mashimo. Wakatafuna nguo kwenye kamba na mipini ya majembe, kwa sababu ya chumvi ya jasho. Hata treni zilikwama, reli zikiteleza kwa nzige waliosagika.

REHEMA: Wengine walifungasha wakarudi mashariki. Kwa waliobaki, mara nyingi baba alikwenda kutafuta kibarua mbali, kwenye reli kwa mfano, na mke akabaki na watoto, ng'ombe na kisima. Mimi nasema bila kusita: mashamba haya yalishikiliwa na wanawake. Na sheria ile ile ilimruhusu mjane, au msichana aliyetimiza miaka 21, kuchukua ardhi kwa jina lake, lakini mke anayeishi na mumewe hapana.

JUMA: Hilo linaniuma. Na pamoja na dhiki yote, mwaka 1881 walishafungua shule iliyokuja kuwa Chuo cha Bethany, na 1882 wakaimba Masihi, utunzi mkubwa wa kwaya wa Handel. Lindsborg inaiimba mpaka leo kila msimu wa Pasaka.

REHEMA: Nawapenda kwa hilo. Ila ardhi ile haikuwa ya bure, Juma. Wakaw, wenyeji wa asili, waliishi Kansas na kuwinda nyati upande huo wa magharibi. Mwaka 1873, miaka minne tu baada ya Lindsborg kuanza, serikali iliwahamisha kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma.

JUMA: Nao walikuwa na watoto wa kulisha.

REHEMA: Ndiyo maana kipindi kijacho ni chao. Tutaanzia Council Grove, walikopangiwa kuishi kabla ya kuondolewa.