Pesa za Walipakodi na Geti la Kiwanda

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia kama serikali ziziokoe kampuni za magari kwa pesa za walipakodi. Nianze na daftari la mama ntilie.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam ambacho siku hizi ni ghala. Nje ya geti alikuwepo mama aliyeuza wali maharage. Wafanyakazi walikula kwa mkopo, yeye akaandika kwenye daftari la jalada gumu, mwisho wa mwezi wakamlipa. Kiwanda kilipofungwa, alikuja na sufuria zake siku tatu mfululizo, geti lina kufuli. Siku ya nne hakutokea. Hapo ndipo na wafanyakazi wa kiwanda cha jirani, ambacho hakikuwa na shida yoyote, walipokosa chakula cha mchana, maana nao walikuwa wakila kwake.

Likumbukeni daftari hilo, twende Marekani mwishoni mwa mwaka 2008. Mabenki yamebana mikopo, magari hayanunuliwi, kampuni za magari za General Motors (GM) na Chrysler zinakaukiwa fedha. Wakuu wao wanakwenda Washington kuomba msaada. Pamoja nao yupo Alan Mulally, mkuu wa Ford, mshindani wao. Ford ilikuwa imekopa mapema, mambo hayajaharibika, na haikuchukua fedha zile za uokoaji. Lakini Mulally aliliomba Bunge liwasaidie washindani wake!

Kwa nini mfanyabiashara amwombee mshindani wake? Kwa sababu kiwanda kinachoshona viti huwauzia wote. Kinapeleka mzigo leo, kinalipwa baada ya wiki kadhaa. GM ikianguka na madeni hayo, mshona viti naye anaanguka, na Ford haiwezi kumuuzia mtu gari lisilo na viti. Ni daftari lilelile la mama yetu.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito ya kuokoa. Fahari ya taifa hainishawishi hata kidogo. Kinachonishawishi ni mnyororo wa watu wasioonekana kwenye nembo ya gari.

Sasa, kuokoa ni jambo moja, kumwokoa nani ni jambo jingine. Rais Bush alitangaza mkopo wa dola bilioni 17.4 mwezi Desemba 2008. Obama alipoingia, serikali yake iliikataa mipango ambayo kampuni hizo zilileta, na mkuu wa GM, Rick Wagoner, akaondoka. Tarehe 1 Juni 2009 GM ikaomba ufilisi mahakamani, na siku 40 baadaye ikatoka kampuni mpya, serikali ikimiliki karibu asilimia 61. Wenye hisa wa zamani hawakubaki na kitu. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote: aliyekula faida miaka ya neema awe wa kwanza kubeba hasara.

Mtaniuliza, mbona Uingereza iliokoa na bado ikazika? Kweli. British Leyland, kampuni ya magari ya huko, ilichukuliwa na serikali mwaka 1975, ikamwagiwa fedha miaka mingi. Mwaka 2000 kilichobaki, Rover, ambacho kilikuwa kimeshaingia mikononi mwa BMW ya Ujerumani, kiliuzwa na BMW hiyo kwa pauni 10. Si milioni kumi, ni noti moja. Aprili 2005 geti la Longbridge, Birmingham, likafungwa, na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi. Siku zile za mwisho serikali ilikopesha pauni milioni 6.5, mishahara ya wiki moja tu. Wiki ile isingeweza kuleta gari jipya. Rover ilikuwa inauza magari yaliyobuniwa miaka ya tisini. Fedha za serikali hununua muda, na kampuni isiyo na gari la kesho haina cha kufanya na muda huo. Kwa kampuni ya namna hiyo, fedha ziende moja kwa moja kwa wafanyakazi na mafundi wa vipuri.

Narudi GM, maana pana jambo linaloniuma. Serikali iliuza hisa zake za mwisho Desemba 2013, ikiwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10 kati ya takriban 50 ilizoweka. Hasara hiyo naikubali, ilinunua ajira nyingi. Lakini mwezi Machi 2019 GM ilisimamisha uzalishaji Lordstown, Ohio, kiwanda kilichofanya kazi tangu 1966. Kampuni ilikuwa hai na inapata faida, ila serikali haikuwa tena na kiti mezani.

Kwa hiyo nikiulizwa tuandike nini siku serikali zetu zitakapoombwa fedha za namna hii, nitasema sharti liendelee kuishi hata hisa zikishauzwa: ukifunga kiwanda ulichookolewa nacho, unarudisha fedha, na wa kwanza kulipwa ni mfanyakazi, kisha mwenye karakana ndogo, na yule mwenye daftari nje ya geti. Yule mama nilimfahamu. Hakuna mfilisi aliyewahi kumwita.

Nakaribisha maswali, na aanze mwenye msimamo tofauti na wangu.