Kaboni ya Nani, Ardhi ya Nani?

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Leo tunaingia kwenye biashara ya kaboni: kampuni inayochafua hewa inalipa ili kaboni ihifadhiwe kwingine, kwenye udongo au miti. Mimi swali langu ni moja tu, na nitalirudia mpaka kipindi kiishe: mwenye ardhi aliulizwa?

BARAKA: Basi tuanzie Isiolo, dada. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya huko iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Moja ni Biliqo Bulesa, nayo imo ndani ya ule mradi mkubwa wa kaboni wa kaskazini mwa Kenya, karibu hekta milioni 2.

ZUHURA: Waeleze watu, maana kule hakuna msitu wa kusema unatunzwa.

BARAKA: Kaboni yenyewe iko ardhini. Hoja ya mradi ni kwamba mifugo ikihamishwa kwa mpango, nyasi hupumzika, mizizi hushuka chini na udongo hushika kaboni zaidi. Ile ziada huhesabiwa kwa tani, ikauzwa. Kampuni za Meta na Netflix ni miongoni mwa walionunua.

ZUHURA: Ziada kuliko nini?

BARAKA: Kuliko uchungaji wa awali, unaodaiwa kuwa haukuwa na mpango.

ZUHURA: Hapo ndipo panaponiuma. Waborana wana dedha yao, baraza la wazee la malisho, Baraka! Wazee hukaa wakaamua malisho ya kiangazi yafungwe lini, kisima kipi kinywewe na mifugo ya nani, mgeni aliyekimbia ukame apitie wapi. Leo mtu anaandika kwenye karatasi kwamba watu hawa walikuwa wakichunga ovyo, na karatasi hiyo ndiyo inayoleta pesa.

BARAKA: Wasimamizi wanasema pesa hizo zimelipa karo na kuleta maji.

ZUHURA: Na ninafurahi kwa kila mtoto aliyelipiwa. Lakini maji na shule ni haki ya mtoto wa Biliqo hata kama babake hana kaboni ya kuuza.

BARAKA: Sawa, ila tusiitupe biashara nzima. Nenda Gazi, kule Kwale. Mradi wa jamii wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 tu za mikoko, unauza kaboni yake tangu muongo uliopita, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni wenyewe ndio wanaokaa kuamua mwaka huu pesa ziende kwenye maji au kwenye vitabu. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator, ya Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazotunza mazingira.

ZUHURA: Gazi nakubali, kwa sababu watu wanaijua mikoko yao na wanaijua kamati yao. Kiasi ni kidogo, mtu anaweza kusimama kwenye baraza akauliza shilingi fulani imekwenda wapi.

BARAKA: Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi.

ZUHURA: Asilimia 40 ya hesabu inayoshikwa na nani? Mfugaji haoni mnunuzi alilipa bei gani kwa tani. Aonyeshwe mkataba wa mauzo, kwa lugha yake, kabla ya kidole gumba kugusa wino.

BARAKA: Na mnunuzi je? Akishanunua, anaendelea kuchoma mafuta.

ZUHURA: Ndiyo dhuluma ya juu kabisa hiyo. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa chafu ya dunia. Misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kule kaskazini, ng'ombe wakafa kwa mamia ya maelfu, halafu anayeambiwa abadilishe maisha yake kwanza ni yule yule aliyezika ng'ombe.

BARAKA: Na mradi huo wa kaskazini umepangwa kudumu miaka 30.

ZUHURA: Miaka 30! Mtoto anayezaliwa leo Biliqo ataoa na kuchunga mifugo yake chini ya makubaliano ambayo hata babake hakuyasoma. Kwa hiyo mimi nasema hivi: jamii ipewe nafasi ya kujitoa kila baada ya miaka michache, iandikwe ndani ya mkataba, na anayekataa asinyimwe kisima.

BARAKA: Wawekezaji watakimbia.

ZUHURA: Atakayekimbia kwa sababu hiyo, mwache aende.